Mishale miwili haishukwi: kwa mdogo wangu anayetaka kuvuka Long Mynd kwa baiskeli

Usiende kwa njia hiyo. Nimeona picha uliyobandika hapa, ya njia uliyopewa na programu ya simu: treni hadi Church Stretton, unapanda Long Mynd, mlima wa Shropshire karibu na mpaka wa Wales, kwa barabara ya Burway, unashuka upande wa pili hadi kijiji cha Asterton, halafu miji midogo ya Bishop's Castle na Clun, na treni ya kurudi Birmingham unaipandia Craven Arms. Juu yake wameandika kijani "tulivu, wastani". Nimetetemeka kusoma, kwa sababu mimi nilipita hapo hapo, kwa maneno hayo hayo, na mtulinga wangu wa kushoto hadi leo una kifundo.

Unasema baiskeli umeinunua mkononi mwa mtu, ya mbio, breki za kubana rimu. Yangu ilikuwa hivyo hivyo. Mimi ni mtu wa Lushoto, kwa hiyo niliposoma kwamba kilele cha Long Mynd ni mita 516 nilikidharau. Mji wetu wenyewe uko karibu mita 1,400! Ila kuna jambo sikulijua. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto ilichongwa kwa ajili ya magari, inazunguka na kuzunguka, mlima unaupanda kidogo kidogo. Vijia vya mashambani vya Uingereza vingi havikuchongwa na mhandisi yeyote. Ni njia za zamani za watu na mifugo, baadaye zikamwagiwa lami palepale zilipo. Zikikutana na mlima zinaukwea moja kwa moja, na zikifika ukingoni zinadondoka. Urefu wa mlima si kitu. Cha kuuliza ni huo urefu umebanwa ndani ya mita ngapi za barabara.

Kupanda Burway nilisukuma baiskeli zaidi ya nusu. Kulia kwako bonde la Carding Mill liko chini kabisa, na barabara ina upana wa gari moja. Nilichoka, lakini kusukuma hakujawahi kumvunja mtu mfupa. Juu ni tambarare, Agosti kote kumeiva zambarau kwa maua ya vichaka, unaiona Wales, na ndege zisizo na injini zinapita juu yako kimya. Nilifurahi kama mtoto. Ndipo nikaanza kuteremka Asterton Bank, barabara ya kushukia Asterton.

Kulikuwa na manyunyu, si mvua ya maana. Rimu za aluminiamu zikilowa, breki ukiibana mwanzoni haishiki: kwanza inafuta maji, ndipo inauma. Kwenye barabara ya kawaida huoni tofauti. Kwenye mteremko unaozidi asilimia 20, yaani kila mita tano za mbele unashuka zaidi ya mita moja, ndani ya huo muda wa kufuta maji baiskeli imeshaongeza mwendo. Nilibana zote mbili mpaka vidole vikafa ganzi, na bado nilikuwa nazidi kukimbia. Upande mmoja mlima unakutazama bega kwa bega, upande wa pili hakuna ukingo. Kondoo wanalala barabarani maana ndiyo malisho yao. Nilipokaribia kijijini, barabara ikiwa tayari imeingia katikati ya michongoma, likaja gari la shamba linapanda. Dereva alisimama, hakuwa na kosa. Mimi sikuwa na uwezo wa kusimama. Katikati ya vijia hivi huwa na mstari wa changarawe na majani mahali matairi ya magari hayagusi. Tairi la mbele lilipanda hapo, likateleza, nikaingia kwenye ua wa miiba kwa bega.

Simu haikuwa na mtandao. Yule dereva ndiye aliyenifunga mkono kwa skafu yake na kunipeleka mpaka mahali pa kupiga simu. Hospitali sikulipa kitu, namshukuru Mungu. Lakini mimi nafanya kazi ya kutunza wazee kupitia wakala, wa malipo ya zamu: usipofika, hupati. Wiki saba bila zamu. Kodi ya nyumba haikungoja mfupa uunge. Ada ya mdogo wangu wa Tanga muhula ule alilipa mjomba, na mimi ndiye niliyekuwa nimeahidi. Hilo liliniuma kuliko bega.

Sasa waliotupotosha. Programu kwanza. Inahesabu magari, inakuta barabara haina magari, inaandika "tulivu". Haijiulizi kwa nini haina magari! Wenyeji hawapiti Asterton Bank bila sababu, wanazunguka. Halafu inakupa jumla ya kupanda, mita mia kadhaa kwa siku nzima, jumla ambayo haikuambii kama umepanda polepole kilomita 20 au umetupwa ukutani mara tatu. Wa pili ni bwana mmoja wa kundi la waendesha baiskeli niliyemwonyesha njia ile wiki moja kabla. Akaitazama, akasema, "Kuna vilima kidogo." Kidogo! Amepita pale miaka, anajua breki yangu ni ipi, anajua mimi ni mgeni. Nilikasirika naye miezi. Nimeishi hapa miaka tisa sasa, na nimejifunza kwamba Mwingereza akisema kidogo, uliza tena, na uulize kwa namba: asilimia ngapi?

Namba hiyo huhitaji kumwuliza mtu. Nunua ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, ile ya Landranger ya 1:50,000, karatasi namba 137, Church Stretton na Ludlow. Fuata njia yako kwa kidole, polepole, usiruke hata sentimita. Utaona juu ya baadhi ya barabara vijishale vidogo kama herufi V. Kimoja maana yake mwinuko wa asilimia 14 hadi 20. Viwili pamoja maana yake zaidi ya 20. Ncha inaelekea upande wa kushuka. Kanuni yangu ni hii na siibadilishi kwa mtu yeyote: ukikuta mishale miwili na ncha inatazama unakokwenda, njia hiyo imekufa. Geuza mzunguko ili uipande, ukisukuma ukitaka, au zunguka mlima. Usiniambie breki zako mpya. Usiniambie utashuka taratibu. Mimi nilikuwa nashuka taratibu.

Ukiwa kwenye ramani hiyo hiyo angalia pia programu isikuingize kwenye vistari. Vistari vifupi ni njia ya miguu, baiskeli hairuhusiwi. Virefu ni njia ya farasi, unaruhusiwa tangu sheria ya 1968, lakini ni tope na mawe, si ya tairi zako.

Wewe anzia Craven Arms, reli ni ile ile, na mlima uuache kaskazini. Kwenda Clun pita Aston on Clun, Clunbury, Clunton. Mto Clun unafuatana nawe, na bonde limekufanyia kazi ya kutafuta usawa. Aston on Clun kuna mti mkubwa unaofungwa bendera kila tarehe 29 Mei. Usipite bila kusimama. Clun kuna daraja la kale la mawe na magofu ya ngome. Ukifika hapo rudi kwa bonde hilo hilo. Bishop's Castle iache siku nyingine, kati yake na Clun kuna kilima kingine. Na utulivu usikulaze: nje ya vijiji, pasipo na kibao kingine, sheria inaruhusu gari maili 60 kwa saa hata kwenye kijia chembamba. Kwenye kona yenye ua mrefu shika breki, sikiliza.

Umeuliza mwezi gani ni mzuri kwa safari. Wakulima hawaruhusiwi kukata michongoma kuanzia Machi 1 hadi Agosti 31. Septemba wanaanza, na miiba inabaki barabarani. Kwa hiyo Mei au Juni, na tyubu mbili za akiba hata hivyo.

Tiketi usikate bado. Chukua ramani, zungushia kwa kalamu nyekundu kila mshale utakaouona kwenye njia yako, piga picha, ibandike hapa. Nitaipitia leo usiku nikitoka zamu.