Nyoka wa mahindi akikwama na mayai

Ukifuga nyoka wa mahindi (corn snake) jike, jua mapema kwamba mayai yanaweza kuja hata kama hajawahi kukaa na dume. Kuku hutaga bila jogoo, na huyu naye hutaga hivyo hivyo. Mayai ya namna hiyo mara nyingi huwa madogo, ya manjano, na kwa kawaida hayatotoi. Naanza na hili kwa sababu karibu kila anayeniuliza juu ya nyoka aliyekwama huwa ameshtushwa na mayai yenyewe kwanza, na mshtuko huo unakula saa ambazo nyoka anazihitaji.

Sisi tunaishi Ohio, na nyoka ni wa binti yangu. Anaitwa Asali, kwa rangi yake. Huku Marekani nyoka hawa wako kwao: porini wanapatikana kuanzia New Jersey hadi Florida, hawana sumu, na watoto wengi huwafuga. Mama yangu, aliyeko Tanga, kwa muda mrefu hakutaka hata kumsikia akitajwa. Lakini yeye amefuga kuku maisha yake yote, na nilipomwambia kuwa nyoka wa mjukuu wake amekwama na mayai, alisema papo hapo: "Mwanangu, msimkamue. Yai likipasukia ndani, mmemuua." Daktari baadaye alituambia maneno hayo hayo.

Yai kukwama mara nyingi huanza kabla ya siku ya kutaga. Jike aliyekosa mahali panapomridhisha hulizuia yai. Kasha analofugiwa likiwa na baridi, misuli yake haifanyi kazi ipasavyo. Asiyekunywa maji ya kutosha, aliyenenepeshwa kupita kiasi, aliyekonda, mwenye upungufu wa kalsiamu, au asiye na nafasi ya kujinyoosha na kupanda, hukosa nguvu za kusukuma. Wafugaji wa huku wana kanuni kwamba jike asipandishwe kabla hajafika miaka 3, futi 3 na gramu 300. Mimi naona hata hiyo ni haraka kwa jike mwembamba. Sababu nyingine ziko nje ya uwezo wako: yai kubwa mno, yai lenye umbo baya, au ugonjwa kwenye mirija ya mayai.

Dalili ya kuaminika kuliko zote ni gamba. Msimu wa machipuko jike hujaa theluthi ya nyuma ya mwili, huanza kukataa chakula, kisha hujivua gamba. Kuanzia hapo mayai huja ndani ya wiki moja hadi mbili hivi. Binti yangu aliiandika tarehe hiyo kwenye kalenda ya jikoni, na ninawashauri wote wafanye hivyo, kwa sababu bila tarehe mtabaki kubishana kama amechelewa au la.

Siku hiyo hiyo ya gamba, weka boksi la kutagia. Chukua kontena la plastiki lenye kifuniko, ambalo nyoka anaweza kujikunja ndani yake na kugeuka, lakini bado aguse kuta. Toboa tundu ubavuni, au juu kwenye kifuniko, la kupitisha mwili wake pale ulipo mnene zaidi, kisha lainisha kingo za tundu kwa msasa. Ndani jaza sfagnamu, yale majani laini ya kinamasi yanayouzwa yamekaushwa. Yaloweshe, kisha yakamue mpaka yasidondoshe tone. Yakichuruzika ni mabaya kama yakiwa makavu. Boksi likae upande wa joto wa kasha, lakini si juu kabisa ya mkeka wa joto. Upande huo uwe nyuzi 29 hadi 31 za Selsiasi, na upande wa pili 24 hadi 26, ili achague mwenyewe. Pima kwa kipimajoto, usikisie kwa kiganja. Kisha funika kasha kwa kitambaa na mwache. Nyoka anayechunguliwa kila saa hatulii, na asipotulia hatagi.

Jike mzima akishaanza kutaga, kwa kawaida humaliza ndani ya siku moja. Mayai hutoka moja moja, meupe, yenye ganda laini kama ngozi, na hunatana yakikauka. Hukumu ngumu huja pale anapotaga machache kisha kusimama. Asali alisimama huku uvimbe ukionekana wazi nyuma, karibu na mkia. Pale ngozi ilikuwa imevutika hata magamba yakaachana, na katikati yake ukaona ngozi nyeupe ambayo siku nyingine huioni. Alikuwa anazunguka kasha, anarudi kwenye boksi, anainua mkia, anatulia, anaanza tena.

Hapo unachoweza kufanya nyumbani ni kidogo, na ukifanye kwa utulivu. Hakikisha joto liko sawa na majani yana unyevu. Mwogeshe maji ya uvuguvugu ya nyuzi 27 hadi 29, kina kidogo asilazimike kuogelea, kwa dakika 20 au 30, ukiwa umekaa naye muda wote. Maji hayo mkononi mwako yatakuwa kama ya ubaridi kidogo, kwa sababu mwili wako una nyuzi 37. Usiyaongeze moto kwa huruma, utamchemsha. Akitoka, mrudishe kwenye boksi, zima taa, ondoka chumbani. Wapo wanaotaka kumkanda tumbo kulisukuma yai. Nawaomba sana wasifanye hivyo. Mrija wa mayai ni mwembamba na huchanika, au hutoka nje pamoja na yai. Ukiona nyama ya waridi imetokeza kwenye tundu la nyuma, ifunike kwa kitambaa safi kilicholowa ili isikauke, na mpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo, hata iwe usiku.

Kama nyama haijatoka, mpigie daktari simu ikipita siku moja bila yai jipya, na usikubali zipite saa 48. Kadiri yai linavyokaa, ganda huanza kunata kwenye mrija, vilivyomo ndani huwa vizito, na misuli huchoka. Kwa hiyo namba ya daktari uwe nayo kabla ya msimu. Si kila daktari wa wanyama anawajua nyoka. Wengi wamezoea mbwa na paka. Kwa walioko Marekani, chama cha madaktari wa reptilia na amfibia, ARAV, kina orodha ya wanachama kwenye tovuti yake. Uliza mapema pia gharama ya eksirei, ya sindano na ya upasuaji, ili usije ukaamua mambo makubwa ukiwa mapokezini na mtoto analia.

Daktari wetu alianza na eksirei ili aone ukubwa wa mayai na yalivyolala. Hatua hii msiiruke, kwa maana sindano ya oksitosini, inayokaza misuli ya mrija, ni hatari pale yai linapokuwa kubwa lisiloweza kupita. Tena kwa nyoka dawa hiyo haifanyi kazi vizuri kama inavyofanya kwa kobe, na ikichelewa huweza isifanye kitu kabisa. Alimpa maji na kalsiamu kwanza, kisha oksitosini. Yai moja likatoka. La mwisho likagoma. Akasafisha ngozi, akapenyeza sindano kati ya magamba ya tumbo hadi ndani ya yai, akavuta. Bomba la sindano likajaa uji mzito wa manjano, na uvimbe ukashuka tukiuona. Ganda lililobaki Asali alilitoa mwenyewe nyumbani. Njia hiyo ni ya daktari tu, maana uji ukivujia ndani ya tumbo huleta maambukizi, na yai lililokaa sana huwa limeganda na halivutiki. Isipowezekana, hubaki upasuaji chini ya nusukaputi.

Kama jike wako alipandishwa, mayai yaliyotoka salama yahamishie kwenye chombo chenye unyevu bila kuyageuza. Weka alama ya penseli upande wa juu. Kwenye nyuzi 27 au 28 yatachukua kama siku 60.

Nyoka mwenyewe muogeshe harufu ya mayai imtoke, badilisha majani yote, mpe maji safi. Akishatulia, na kama daktari ameruhusu, anza na panya mdogo kuliko aliyezoea, kisha subiri uone kama amemmeng'enya kabla ya kumpa mwingine. Mpime uzito kila wiki. Jike aliyekwama asipandishwe msimu unaofuata, na asipewe baridi ya majira ya kipupwe, ile ya kumwandaa kupandishwa, mpaka uzito wake wa zamani umerudi. Kama anakwama tena bila dume, zungumza na daktari juu ya kumwondolea vifuko vya mayai na mirija yake kabisa.