Je, kondoo anaruhusiwa kumuuliza mchungaji?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mhazini wa kikundi cha akina mama katika usharika mmoja hapa Dodoma. Tulichangishana gari la kiongozi wetu. Fedha zilipokamilika niliomba kwenye kikao tusomewe mapato na matumizi. Nikajibiwa mbele ya watu wote: "Kondoo hamhoji mchungaji. Kazi ya kondoo ni kufuata." Jumapili iliyofuata mahubiri yakawa Zaburi ya 23, na macho yote kwangu. Nimenyamaza, ila moyo haujatulia. Hivyo ndivyo Biblia inavyofundisha? – Mhazini, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa aibu uliyopewa.

Zaburi ya 23 tuimalize upesi, maana haina ugumu. Mchungaji anayetajwa mle ni Bwana, na anatajwa kwenye mstari wa kwanza kabisa ili asije mwingine akakalia kiti hicho. Mwimbaji anasema gongo na fimbo vyamfariji. Vinamfariji kwa sababu havikuchongwa ili kumpiga yeye. Mwulize Daudi: katika 1 Samweli 17 anamweleza Sauli jinsi alivyompiga simba na dubu waliokuja kunyakua mwana-kondoo. Sijasoma popote kwamba alimpiga kondoo aliyelia.

Sasa tuingie kwenye kiini. Nchi zile za kale, "mchungaji" lilikuwa jina la mtawala. Hammurabi wa Babeli, zaidi ya miaka 3,700 iliyopita, anajiita mchungaji mwanzoni kabisa mwa sheria zake. Mafarao wa Misri walichongwa wakiwa wameshika fimbo ya mchungaji iliyopinda kichwani. Hata Biblia, katika Isaya 44:28, inamwita Koreshi, mfalme wa Uajemi asiyekuwa Mwisraeli, mchungaji wa Mungu. Kwa hiyo nabii akisema "wachungaji," msikilizaji wake alielewa: wakubwa. Ndiyo maana maneno makali ya sitiari hii huwaangukia wao.

Fungua Ezekieli 34. Ezekieli alikuwa mateka Babeli, na katika sura ya 33 anafika mtu aliyenusurika na habari kwamba Yerusalemu umeanguka. Hiyo ni miaka ya 580 kabla ya Kristo. Watu wamepoteza mji, hekalu na mashamba, na swali liko hewani: nani ametufikisha hapa? Sura ya 34 inajibu. Wachungaji wa Israeli wamejilisha wenyewe. Wamekula mafuta, wamevaa manyoya, wamechinja walionona. Mgonjwa hawakumtibu, aliyevunjika hawakumfunga, aliyepotea hawakumtafuta. Kisha Mungu anasema atawadai kondoo wake mikononi mwao na kuwaachisha kazi. Angalia hapo nani anaulizwa hesabu, na kondoo ni wa nani. Mchungaji wa usharika, kwa kipimo hicho, analisha mifugo ya mwenyewe mwingine.

Na kuchunga mifugo ya mtu kulikuwa na masharti. Kutoka 22 inasema mnyama aliyeibiwa mikononi mwa mtunzaji hulipwa; aliyeraruliwa na mnyama mkali halipwi, lakini masalia yake yaletwe yawe ushahidi. Ukijua hilo, utaelewa kwa nini Amosi 3:12 anazungumzia mchungaji anayepokonya kinywani mwa simba miguu miwili au kipande cha sikio. Kipande cha sikio hakifufui kondoo. Ile ni risiti! Amosi alitoka kwa wafugaji wa Tekoa, alijua anachosema. Naye Yakobo, alipogombana na Labani katika Mwanzo 31, alijitetea kwa hesabu: miaka 20, jua mchana, baridi usiku, na kila aliyeraruliwa alimlipa kutoka mfukoni mwake.

Mimi nimekulia Mbulu, na kwetu mtoto aliyerudi jioni akisema fisi kachukua kondoo aliulizwa neno moja tu: ngozi iko wapi? Hakuna aliyeona kwamba baba anakosa adabu kwa kuuliza.

Utaambiwa Agano Jipya ni tofauti, kwamba katika Yohana 10 kondoo huisikia sauti na kumfuata. Ni kweli, lakini soma mstari wa tano pia: mgeni hawatamfuata, watamkimbia, kwa sababu hawaijui sauti ya wageni. Kondoo wa Yesu ana masikio, na anayatumia kuchuja. Tena usianzie sura ya 10, anzia ya 9. Kuna mtu aliyezaliwa kipofu, kaponywa, wakubwa wa dini wanamhoji mara mbili. Naye anawarudishia swali: je, ninyi nanyi mnataka kuwa wanafunzi wake? Wanamfukuza. Yesu anasikia amefukuzwa, anamtafuta, anampata. Hotuba ya mchungaji mwema inafuata palepale, na waliofukuza wanasikia. Kondoo wa kwanza wa sura ile ni mtu aliyetolewa nje kwa sababu ya kujibu.

Kuhusu yule mtu wa mshahara wa Yohana 10 anayekimbia akimwona mbwamwitu, tusimwonee kwa kulipwa. Mshahara si dhambi. Sheria za Kiyahudi zilizokusanywa katika Mishna, karibu mwaka 200 baada ya Kristo, zilimpimia mchungaji wa kulipwa hivi: mbwamwitu mmoja si udhuru, wawili ni udhuru. Kwa hesabu hiyo, mchungaji mwema wa Yohana, anayeutoa uhai wake, amevuka mbali mno kile ambacho sheria ingemdai.

Petro, aliyeagizwa katika Yohana 21 kuwalisha kondoo, anawaandikia wazee wa kanisa (1 Petro 5) walichunge kundi bila kutafuta fedha ya aibu na bila kujifanya mabwana. Fedha na ubwana, ona alivyoviweka jirani.

Najua pia watakusomea Isaya 53, kondoo aliyenyamaza mbele ya wamkatao manyoya, na labda waongeze methali yetu kwamba kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Yule anayenyamaza katika Isaya ni mtumishi wa Bwana anayebeba dhambi za wengine, na Wakristo humtambua kuwa ni Kristo. Haikuandikwa ili ifunge kinywa cha mhazini.

Basi andika barua, kwa adabu, kwa baraza la wazee. Taja kiasi kilichokusanywa na tarehe, na ubaki na nakala. Usiende peke yako. Ila mwanangu, Ezekieli 34 ina sehemu ya pili: kuanzia mstari wa 17 Mungu anageukia kondoo wenyewe, walionona wanaokanyaga malisho, kuyachafua maji kwa miguu na kuwasukuma wadhaifu kwa mbavu na pembe. Daftari la kikundi chenu likoje? Liwe safi kabla hujafika kwenye lango la mtu.

SWALI: Shikamoo Mama. Nafuga mbuzi wa maziwa, na pia nafundisha shule ya Jumapili. Watoto wananiuliza mbuzi wamekosa nini hadi wapelekwe kushoto. – Mfugaji, Babati

JIBU: Marahaba. Hawajakosa kitu. Mathayo 25, panaposimuliwa hukumu ya mwisho, watu wakitengwa kama kondoo kulia na mbuzi kushoto, inatumia jambo ambalo kila mfugaji analijua: mchana wanachungwa pamoja, ukifika wakati wa kuwatenga, wanatengwa. Pembe na mkia havikuwa kigezo cha hukumu ile. Kigezo kilikuwa mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, asiye na nguo, mgonjwa na mfungwa, na pande zote mbili zinashangaa. Wa kulia nao wanauliza, "Bwana, ni lini tulipokuona?" Hawakemewi kwa kuuliza, wanajibiwa. (Msomaji wa Dodoma, hiyo ni yako.)

Watoto wasomee Kutoka 12:5: mnyama wa Pasaka aliruhusiwa kutoka kwa kondoo au kwa mbuzi, mradi awe hana ila, wa kiume, wa mwaka mmoja. Majike wako wa maziwa, hata hapo, wangesalimika.