Nafundisha saikolojia ya mwanzo, darasa limelala, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha utangulizi wa saikolojia mwaka wa kwanza, wanafunzi 120 ukumbi mmoja. Slaidi naandaa vizuri tu, naongea masaa mawili, ila ikifika nusu saa kule nyuma wanachati na huku mbele wanakopi. Muhula uliopita nikawagawa makundi wajadili wenyewe, mwisho wakaandika kwenye fomu za tathmini "mwalimu hafundishi, tunajifundisha wenyewe". Iliniuma sana. Na silabasi ndefu. Nirudi kwenye lekcha au niendelee?

JIBU: Marahaba mwalimu mwenzangu. Endelea. Ila hayo makundi tuyaangalie, maana ukiwaambia watu 120 "haya jadilini kumbukumbu" halafu ukakaa pembeni, swali ni pana mno, wawili wataongea na waliobaki watasubiri muda uishe.

Malalamiko nayo yasikukatishe tamaa. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa madarasa ya fizikia pale Harvard, wanafunzi walioshirikishwa walipata alama kubwa zaidi kwenye testi kuliko waliosikiliza lekcha safi kabisa, lakini wenyewe walipoulizwa wakaona wamejifunza kidogo kuliko wenzao. Yani mtu akiumiza kichwa anadhani haelewi, na akimsikiliza anaeongea kwa mtiririko anadhani kaelewa. Hili waeleze wiki ya kwanza kabisa, na hapo hapo tayari umeshaanza kufundisha saikolojia.

Sasa nikwambie ninachokiamini kwa moyo wote. Somo letu lina bahati kubwa kwasababu kila mwanafunzi anaingia ukumbini na maabara yake, ni kile kichwa chake. Basi acha jambo limtokee kwanza, jina la nadharia lije baadae.

Chukua kumbukumbu. Waambie utasoma maneno 12 na kabla hujaanza kila mmoja aandike: nikikosea, nitakosea kwa kusahau au kwa kuongeza? Wengi wataandika kusahau. Kalamu chini, halafu soma taratibu: kitanda, mto, godoro, shuka, ndoto, usiku, kukoroma, miayo, kusinzia, blanketi, uchovu, kuamka. Wape hesabu za kutoa kwa nusu dakika hivi, kisha waandike wanayoyakumbuka na pembeni ya kila neno waweke wana uhakika kiasi gani. Uliza nani kaandika "godoro", mikono itanyooka. Uliza nani kaandika "usingizi", mikono mingi tu, na wapo watakaoapa kwamba walikusikia ukilitamka. Washa projekta waone orodha. Halimo.

Patakuwa kimya, na hapo tafadhali usikimbilie kueleza. Uliza "limetoka wapi?", wape dakika mbili kila mtu na jirani yake, halafu sikiliza watatu wanne. Baada ya hapo ndo unamtaja mwanasaikolojia James Deese na jaribio lake la 1959 la orodha kama hii, Roediger na McDermott waliolirudia 1995, na unahamia kwenye utafiti wa Loftus na Palmer 1974: watu waliangalia filamu ya ajali, walioulizwa magari yalikuwa na spidi gani "yalipobamizana" wakataja spidi kubwa kuliko walioulizwa "yalipogongana", na wiki moja baadae hao wa kubamizana wakawa wepesi zaidi kusema waliona vioo vimevunjika wakati vioo vilivyovunjika havikuwepo. Kwa mtu alietoka kuapia "usingizi" sasa hivi, hili halihitaji kukariri.

Lile swali la kubashiri usiliruke hata siku moja. Mwaka 2004 Eric Mazur na wenzake, nao ni wa fizikia, walionyesha kwamba wanafunzi wanaoangalia tu onyesho la jaribio darasani hawaelewi zaidi ya wasioliona kabisa, tofauti inakuja wakibashiri kwanza. Mimi miaka mingi nilikuwa nafanya onyesho, darasa linacheka, tunasonga mbele, na kwenye mtihani wanakumbuka kicheko.

Silabasi kata. Mada mbili tatu waachie wasome nyumbani. Uchambuzi wa tafiti 225 uliotoka 2014, za sayansi, uhandisi na hisabati, ulikuta kwenye lekcha tupu wanafeli karibu asilimia 34, kwenye kushirikishwa karibu 22. Kwa ukumbi wa watu 120 tofauti ya namna hiyo ni kama watu 14, tena wana majina na wazazi wao wanawasubiri wamalize.

Na kila kipindi anza na maswali matatu ya wiki iliyopita, madaftari yamefungwa, bila maksi. Roediger na Karpicke 2006 walikuta waliosoma tena na tena walifanya vizuri baada ya dakika 5, ila baada ya wiki waliojipima ndo waliobaki na kitu kichwani.

SWALI: Nataka wanafunzi waone stresi kwa vitendo, niwape matokeo feki ya mtihani halafu baadae niwaambie ukweli. Inafaa?

JIBU: Hapana ndugu yangu, usifanye. Hujui nani hapo anategemea alama hizo asifukuzwe, nani hajalala siku mbili, na ukishawaambia ukweli hofu haiondoki siku hiyo hiyo, na matokeo yako ya kweli hawatayaamini tena. Kwa stresi waambie wahesabu mapigo yao ya moyo wakiwa wametulia, halafu wahesabu tena baada ya kuambiwa kuna mmoja ataitwa mbele kuongea dakika moja, na awepo kweli, umeshaongea nae kabla na amekubali mwenyewe. Asietaka kushiriki mwache akae, usimuulize sababu mbele ya wenzake.