Maswali Yenu: Damu ya Kijiti, Tarehe ya Sindano na P2 ya Kila Mara

Barua za safari hii ni za Dodoma mjini, Kibaigwa, Bahi na Mpwapwa, zote za uzazi wa mpango. Majina tumeyaweka kando. Wanaojibu ni wauguzi wakunga.

Shikamooni. Nina watoto wawili, na nina miezi minne tangu niwekewe kijiti kimoja. Damu haikauki: leo tone, kesho tone. Mume wangu amechoka. Mama mkwe naye anasema kijiti hutembea mwilini mpaka kwenye moyo. Nikitoe? (Mama wa wawili, Nkuhungu)

Marahaba, mama. Kijiti hicho, Implanon NXT, kimebeba miligramu 68 za homoni inayotoka kidogo kidogo kwa miaka 3. Homoni hiyo huzuia yai lisipevuke na kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu zisipite. Wakati huohuo utando wa ndani wa mji wa mimba huwa mwembamba na vimishipa vyake hulegea, ndipo yanapotoka hayo matone yasiyo na ratiba. Si uchafu unaojisafisha, wala si dalili kwamba kijiti kimegoma kufanya kazi. Kwa wengi hupungua ndani ya mwaka wa kwanza. Wengine huendelea nayo, na siku ya kuwekewa hakuna awezaye kujua wewe utakuwa upande gani. Haya ulistahili kuambiwa kabla mkono haujachomwa ganzi. Kijiti hutolewa mapema mara nyingi kwa sababu ya damu ambayo mwenye nayo hakuandaliwa.

Rudi kituoni hata kama siku ya kliniki haijafika. Watakuuliza kuhusu maumivu na uchafu ukeni, na watapima mimba wakiona haja. Wasipoona tatizo jingine, dawa ya kwanza ni ibuprofen miligramu 800, mara 3 kwa siku kwa siku 5, baada ya chakula. Usijipimie dukani. Vidonge vingi ni vya miligramu 200 au 400, hivyo hesabu huchanganya, na mwenye vidonda vya tumbo au tatizo la figo haimfai kabisa. Ikishindikana, wanaweza kukupa vidonge vya majira vyenye homoni mbili, kimoja kila siku kwa siku 21, mradi presha yako iko sawa na hunyonyeshi mtoto wa chini ya miezi 6. Matone yanaweza kurudi dawa ikiisha, na hapo unaamua upya.

Usisubiri kama unajaza pedi kila saa, kama unaona kizunguzungu, au kama una maumivu makali chini ya kitovu pamoja na homa.

Sasa hilo la moyo. Kijiti kina urefu wa sentimita 4 na unene wa milimita 2. Kikiwekwa inavyotakiwa hukaa chini tu ya ngozi, upande wa ndani wa mkono wa juu, na unaweza kukipapasa kwa ncha za vidole. Kinaweza kusogea kidogo palepale. Kufika mbali ni jambo la nadra sana, na hutokea pale kilipochomekwa kwa kina kupita kiasi. Ndiyo maana mhudumu akimaliza kukuweka anakushikisha. Siku ukipapasa usikipate, tumia kondomu na uende kituoni.

Kuna jambo kubwa zaidi ya hilo la kutembea: dawa. Ukianza dawa za kifua kikuu zenye rifampicin, au za kifafa kama carbamazepine, phenytoin na phenobarbital, ini huisafisha homoni ya kijiti haraka na kinga dhidi ya mimba hushuka. Efavirenz, iliyotumika sana kwa wanaoishi na VVU, nayo hufanya hivyo. Mwambie anayekuandikia dawa kwamba una kijiti. Sindano ya Depo na kitanzi cha shaba haviyumbishwi na dawa hizo.

Kama baada ya yote umeamua kitoke, kitoe. Huhitaji kusubiri miaka mitatu, wala barua ya mume. Hukatwa tundu dogo kwa ganzi na kijiti husukumwa mpaka kichungulie. Ifanywe na aliyefundishwa, kwenye kituo, si chumba cha nyuma cha duka la dawa. Uwezo wa kushika mimba hurudi mara moja, kwa hiyo chagua njia nyingine kabla hujashuka kitandani.

Mimi nafanya biashara ya mahindi, nalala njiani. Sindano yangu ya uzazi wa mpango ilitakiwa kurudiwa tarehe 3, nimefika zahanati tarehe 24. Nesi amesema nimechelewa, nirudi nikiona siku zangu. Lakini mimi kwenye sindano sioni siku zangu kabisa! Damu inakwenda wapi? (Dada wa Kibaigwa)

Dada, ulichoambiwa hakikuwa sahihi. Depo ya miligramu 150 hurudiwa kila baada ya wiki 13. Ukichelewa hadi wiki 4 unachomwa palepale, bila kipimo na bila kondomu za nyongeza. Wewe ulichelewa wiki 3. Zikipita wiki 4 ndipo mhudumu ahakikishe huna mimba, akuchome, na utumie kondomu kwa siku 7. Kumwambia mtu wa Depo asubiri hedhi ni kumfungulia mlango wa mimba, maana hedhi yenyewe inaweza isije kwa miezi mingi.

Rudi leo kama bado uko ndani ya wiki hizo 4. Kama zimeshapita na ulikutana na mwenzako bila kinga, omba kipimo cha mimba. Kikisema huna, wanaweza kukuchoma, kisha upime tena baada ya wiki 3 au 4, kwa sababu mimba changa sana haionekani.

Damu haiendi popote. Utando haujengeki, basi hakuna cha kumwagika. Hakuna bonge linalokusanyika tumboni, na hakuna haja ya dawa ya kuishusha.

Kwa mtu wa safari kama wewe: hesabu wiki, usihesabu "miezi mitatu", na andika tarehe kwenye simu pamoja na kadi. Unaruhusiwa kuchomwa hadi wiki 2 kabla ya siku, kwa hiyo kama msimu wa mahindi unakutoa nyumbani, chomwa kabla ya kuondoka. Pale ulipochomwa pasisuguliwe wala kukandwa maji ya moto, dawa itaisha kabla ya wakati wake. Na ukitaka mtoto, jipange mapema: tangu sindano ya mwisho mimba huchukua kwa wastani kama miezi 10, na wengine hungoja zaidi. Anayetaka mtoto mwakani hatufikirii Depo ni chaguo lake zuri.

Nasoma chuo hapa Dodoma. Nameza P2 karibu kila wiki. Rafiki yangu anasema inaharibu kizazi. Kweli? (Mwanachuo)

Haiharibu kizazi. Inachofanya ni kuvuruga hedhi, na tatizo kubwa zaidi ni kwamba kwa matumizi hayo itakuangusha. P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba (levonorgestrel miligramu 1.5), huchelewesha yai kutoka. Kama yai limeshatoka, haina la kufanya, na mimba iliyoshaingia haiitoi. Nguvu yake hupungua kila saa, hivyo imezwe mapema, ndani ya saa 72. Ukitapika ndani ya saa 2, rudia. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, pima.

Kinachofanya kazi vizuri kuliko P2 baada ya kukutana bila kinga ni kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5, na kinabaki kukulinda hadi miaka 12. Hata msichana ambaye hajazaa huwekewa. Katika miezi ya mwanzo, kati ya 3 na 6, hedhi huwa nzito na tumbo huuma zaidi, hilo ulijue kabla. Kondomu endelea nayo, kwa ajili ya VVU na kaswende.

Mtoto wangu ana miezi 5, nanyonyesha, sijaona hedhi. Wiki hii nimeanza kumpa uji. Dukani wameniuzia vidonge vya rangi mbili. Nivimeze? (Mama mchanga, Bahi)

Hapana, mama. Vidonge vya rangi mbili kwa kawaida ni vya homoni mbili, vinaweza kupunguza maziwa. Visubiri mtoto afike miezi 6.

Kunyonyesha kulikukinga kwa sababu mambo matatu yalikuwapo pamoja: mtoto chini ya miezi 6, hedhi haijarudi, na ziwa tupu usiku na mchana. Uji umeondoa la tatu. Anza kondomu leo, kisha nenda kliniki uchague kati ya kijiti, kitanzi, sindano, au vidonge vya homoni moja, ambavyo vyote kwenye pakiti vina dawa na humezwa saa ileile kila siku. Ukipitisha saa 3, meza mara ukikumbuka na utumie kondomu kwa siku 2. Kwa mama mwenye usiku wa kukatika katika, sisi tungeanza kuangalia kijiti au kitanzi. Na huo uji, kama hakuna mhudumu aliyekushauri, ungeweza kungoja mwezi mmoja.

Mke wangu anameza majira miaka 6. Juzi presha ilisoma 150/95, na walipopima tena ikawa vilevile. Watoto wanne wanatutosha. Je, mwanaume akifungwa mirija si amehasiwa? (Baba, Mpwapwa)

Ndugu, vidonge hivyo aviache, na presha itibiwe. Homoni mbili pamoja na presha ya 140/90 au zaidi huongeza hatari ya kiharusi na damu kuganda. Asikae bila kinga hata siku moja: kitanzi cha shaba hakigusi presha, na kijiti kinamfaa.

Kufunga mirija ya mwanaume si kuhasiwa. Kokwa hazitolewi. Kinachokatwa ni mirija inayopitisha mbegu, kwa ganzi, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hamu, nguvu na kumwaga vinabaki, kwa kuwa mbegu ni sehemu ndogo tu ya majimaji. Ila mbegu zilizokuwa zimetangulia hubaki njiani, kwa hiyo mtumie kinga nyingine kwa miezi 3, na ikiwezekana manii yapimwe kabla ya kuiacha. Ni njia ya kudumu: kama kuna chembe ya shaka kuhusu mtoto wa tano, mke wako awekewe kitanzi kwanza, nanyi mzungumze bila haraka. Njia hizi kwenye vituo vya serikali hutolewa bure. Si kila zahanati hufunga mirija, hivyo waulizeni wakuelekeze hospitali inayofanya.