Ndugu yetu amepooza na ana mpira wa mkojo: je, tuubane anaposwali?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Sisi ni familia ya hapa Mumias. Mdogo wetu, kijana wa miaka 24, alianguka kutoka juu ya mparachichi miezi minne iliyopita, akavunjika mgongo kwenye pingili ya tano ya kifua. Alitibiwa Kisumu, sasa yuko nyumbani. Mikono yake ni mizima, lakini kuanzia kifuani kwenda chini hana nguvu wala hisia. Amewekewa mpira wa mkojo. Kaka yetu mkubwa huubana mpira huo kwa kibanio cha nguo kila swala, ili mkojo usitoke akiwa ndani ya ibada. Juzi alikisahau tangu magharibi hadi karibu na isha, mgonjwa akalia kwamba kichwa kinampasuka, jasho likimtiririka usoni. Je, kuubana ni sharti? Pili, hajaoa: mama anaruhusiwa kumsafisha sehemu za siri? Tatu, miguu yake hurukaruka usiku na jamaa wanasema ni jini, apelekwe akavutwe miguu. Na Ramadhani itakuwaje?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Mwenyezi Mungu amshushie shifa, na awape ajri ninyi mnaomhudumia.

Kibanio hicho kiondoeni sasa hivi, kabla ya swala inayofuata. Hakuna sharti la swala linalokitaka, na kinaweza kumuua. Mtu aliyeumia uti wa mgongo kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, kibofu kikijaa ubongo haupati habari. Sehemu iliyo chini ya jeraha hujibu yenyewe: mishipa ya damu hujikaza na presha hupanda ghafla. Hicho ndicho mlichokiona juzi, kichwa kugonga na jasho usoni, na mwisho wake waweza kuwa kiharusi.

Ikitokea tena, hata akiwa katikati ya swala, swala ikatwe; kuokoa nafsi kunatangulia, na swala ataianza upya. Mkalisheni wima, miguu ining'inie. Legezeni mshipi, soksi na mkanda wa mfuko wa mkojo. Kisha fuateni mpira kwa vidole tangu unapotoka mwilini hadi mfukoni: je, umejikunja, ameulalia, mfuko umejaa? Mkojo usipotiririka, au dalili zisipotulia mara moja, mkimbizeni hospitali. Mkifika mwambieni muuguzi waziwazi kwamba ameumia juu ya pingili ya sita ya kifua. Waliopooza hivi huwa na presha ya chini siku zote, mara nyingi 90 au 100 ya juu, kwa hiyo 140 inayoonekana si kitu kwa mwingine, kwake ni hatari.

Sasa hukumu. Asiyeweza kuzuia mkojo hukumu yake ni ya mwenye hadathi ya kudumu, yaani kitenguzi cha udhu kisichokatika. Mtume (s.a.w.) alimwamuru Fatima binti Abi Hubaysh, aliyekuwa na istihadha (damu inayomtoka mwanamke nje ya hedhi), atawadhe kwa kila swala, hakumwambia aache kuswali mpaka damu ikatike. Na katika Bukhari, Bi Aisha (r.a.) amesimulia kuhusu mmoja wa wake za Mtume aliyekaa itikafu naye akiwa katika hali hiyo: alikuwa akiswali huku chombo kiko chini yake. Mfuko wa ndugu yenu ni kama chombo kile.

Kwa madhehebu yetu ya Shafii atafanya hivi. Wakati uingie kwanza. Mwageni mkojo ulio mfukoni, msafishe kwa maji mahali mpira unapoingilia mwilini, kisha atawadhe na aswali papo hapo bila kuchelewa. Udhu huo ni wa faradhi moja, pamoja na sunna azitakazo. Kitakachotoka baada ya hapo kimesamehewa, ukiwemo upepo asioweza kuuzuia. Mfuko ubaki chini ya usawa wa kibofu, ufungwe mguuni au utundikwe ubavuni mwa kitanda, usiwekwe mapajani wala juu ya godoro, maana mkojo ukirudi nyuma huleta maambukizi. Maji ya udhu mliyopasha yapimeni kwa kiwiko chenu, kwa sababu miguu yake itaungua naye asijue. Kisigino kikiwa na kidonda kilichofungwa, apanguse juu ya bandeji na atayamamu kwa ajili ya sehemu hiyo.

Aswali amekaa, kwani Mtume alimwambia Imran bin Husayn: swali umesimama, usipoweza basi umekaa, usipoweza basi kwa ubavu. Ainamishe kichwa kwa rukuu, na kwa sijda ainame zaidi. Hapo kwenu kibla ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo, kwa hiyo akilazimika kuswali kwa ubavu wa kulia, kichwa kiwe upande wa mashariki. Kiti cha magurudumu chenye mto ni bora kuliko kuegemezwa kitandani, kwa kuwa kitandani huteleza taratibu na ngozi ya makalio huvutika mpaka ikachanika. Mikono yake ni mizima: kila baada ya nusu saa hivi ajiinue au ainame mbele, dakika moja mpaka mbili, damu ipite. Usiku ageuzwe kila saa mbili. Hapo msitegemee adhana, maana kati ya isha na alfajiri kuna saa tisa hivi, na kidonda huanza ndani ya muda mfupi kuliko huo. Tegeni simu, mpeane zamu.

Kuhusu mama, anayetangulia ni kaka yake au mwanamume mwingine. Asipopatikana, mama anaruhusiwa kwa dharura, na dharura hupimwa kwa kiasi chake: avae glavu, shuka ifunike, afunue panapooshwa tu. Lakini haya isiwafanye mwache kuangalia. Asubuhi na jioni mtazameni chini ya kiuno, nyongani na visiginoni. Kwenye ngozi nyeusi msingoje wekundu. Tafuteni mahali palipokolea weusi, penye joto au pagumu kuliko pengine. Mkipaona, asilale wala kukalia upande huo mpaka parudi hali yake. Vidonda vingi vya makalio hukutwa vimeshachimba kwa sababu kila mtu aliona aibu kutazama.

Miguu kuruka si jini. Neva zilizo chini ya jeraha bado ziko hai, zimekosa tu amri ya ubongo. Ikizidi ghafla kuliko kawaida, tafuteni chanzo: mkojo umeziba au una maambukizi, choo kimekaza, kidonda kimeanza. Ruqya na dua msomeeni, ni kheri. Kuvutwa miguu ni haramu kumtendea: mifupa ya asiyetembea hudhoofika na huvunjika bila yeye kuhisi. Mnyooshe viungo vyake polepole kila siku kama mtaalamu wa fiziotherapia alivyowaonyesha.

Ramadhani, mpira huo unahitaji maji, lita mbili hadi tatu kwa siku kama daktari hakuweka kiwango kingine. Mkojo ukiwa mzito hufanya machicha, machicha huziba mpira, na mpira ukiziba mnarudi kwenye presha ile ile. Daktari mwaminifu akisema kufunga kutamdhuru, asifunge. Ikiwa dhara hilo linatarajiwa kuondoka, atalipa baadaye. Akiambiwa halitarajiwi kuondoka, atatoa fidya, kibaba kimoja cha chakula cha mji kwa kila siku. Kwa tahadhari kadirieni gramu 750, yaani kilo 22 na nusu kwa siku 30. Gorogoro 12 za kilo mbili za mahindi zinatosha na kuzidi. Wapewe mafukara na maskini wa hapo Mumias, si wazazi wake.

Wallahu a'lam.