Ya kujificha rada nayo hupigwa

Ndugu yangu, umeuliza kama ndege za kujificha rada hazipigiki, na kama droni zitamwachisha rubani kazi. Zinapigika. Machi 27, 1999 Waserbia waliiangusha F-117, ndege ya Marekani ya kujificha rada, kwa kombora la S-125, silaha ya miaka ya 1960. Umbo na rangi yake maalumu havifuti mwangwi wa rada, vinaupunguza tu, na rada za mawimbi marefu hazidanganyiki sana. Rubani anachopata kwa ndege hiyo ni kumuona adui kabla adui hajamuona.

Droni ndizo zilizogeuza hesabu, hasa ya fedha. Kule Ukraine, Shahed, droni ya bei ndogo, huangushwa wakati mwingine kwa kombora la bei mara nyingi zaidi. Nani atafilisika? Kwa sasa rubani abaki: baadhi ya droni hujiongoza hata mawasiliano yakizibwa, lakini kuiachia mashine iamue nani auawe, mimi sikubali.

Na sisi wa Lamu tulishaona jingine. Januari 5, 2020, alfajiri, Al-Shabaab waliingia kambi ya kijeshi ya Manda Bay kwa miguu, wakaua Wamarekani watatu na kuchoma ndege zikiwa chini.