Maswali ya Wasomaji: Mteja Ametia Sahihi, Programu Yasema Bado

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Shimanzi. Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha, na siku hizi hatumwiti tena mteja aje kutia sahihi barua ya kutupa idhini ya kumtolea mzigo bandarini. Hujaza fomu kwa simu, akatia sahihi humo humo, na huduma ya mtandaoni tunayoilipia hupeleka taarifa kwenye programu yetu ya kazi na ankara. Lakini kazi nyingine hubaki zimeandikwa "inasubiri sahihi" ilhali mteja ana nakala aliyokwisha kuitia sahihi, na nyingine huingia mara mbili, hata mteja mmoja akapelekewa ankara mbili za kontena moja. Fundi aliyetuunganishia mifumo hii anasema huduma ni mbovu, tuhamie nyingine. Tuhame? Na je, sahihi hizi zinakubalika kisheria? *Msomaji, Shimanzi.*

JIBU: Ndugu msomaji, msihame kwanza. Kuhama kutawagharimu pesa na muda, na kwa jinsi unavyoeleza, ugonjwa utahama nanyi, kwa sababu dalili zote mbili ulizozitaja zinaelekea kutoka mahali pamoja, napo ni upande wenu wa kupokea.

Mteja anapomaliza kutia sahihi, huduma hutuma ujumbe mfupi kwenye anwani ya seva yenu, yaani kompyuta inayoendesha programu yenu, kisha hungoja kujibiwa kwamba umefika. Hungoja kwa sekunde chache tu. Seva ikiwa imezimika kwa sababu umeme umekatika ofisini, ujumbe hukosa mpokeaji. Huduma hurudia mara kadhaa, kila mara ikichelewa zaidi, na mwishowe huacha, na hapo ndipo kazi yenu inapobaki "inasubiri" siku zote. Seva ikiwa hai lakini imeandikwa ipakue kwanza faili, itengeneze ankara, imtumie mteja barua pepe, ndipo ijibu, basi jibu hufika muda umekwisha pita; huduma huhesabu kwamba ujumbe haukufika, huutuma tena, na programu yenu, isiyojua kwamba ni ule ule, hutengeneza ankara ya pili.

Mwambieni fundi wenu atenganishe kupokea na kutenda. Ujumbe ukifika, seva ihakikishe umetoka kwa huduma yenyewe, iuweke kwenye foleni, ijibu papo hapo kwa namba 200, ambayo maana yake ni "nimepokea", na kazi nzito zifanywe baadaye kutoka kwenye foleni hiyo. Kila ujumbe huja na kitambulisho chake. Kihifadhiwe katika hifadhidata kwa sharti la kutorudiwa, ili ujumbe ule ule ukija mara ya pili usizae chochote. Vilevile asitegemee kwamba ujumbe utafika kwa mpangilio, kwani ule wa "imefunguliwa" unaweza kuingia baada ya "imetiwa sahihi", na rekodi iliyokwisha kukamilika haipaswi kurudishwa nyuma.

Hata hivyo, ujumbe peke yake hautoshi. Programu yenu iwe na zamu yake, tuseme kila saa, ya kupita kwenye API ya huduma, yaani mlango ambao programu huitumia kuulizana, na kuuliza hali ya kila fomu ambayo bado inasubiri. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa kuwa hata ukarabati uwe mzuri namna gani, siku moja ujumbe utapotea, na ofisi inayouliza yenyewe haitakwama.

Kuhusu kuhakikisha ujumbe umetoka kwa nani, wengi hulipuuza, nami naona ni hatari kubwa kwa kazi kama yenu. Anwani ya seva ikijulikana, mtu yeyote anaweza kutuma ujumbe wa uongo kwamba mwenye mzigo ametia sahihi. Huduma nyingi huambatanisha alama iliyokokotolewa kwa ufunguo wa siri mnaoujua nyinyi na huduma tu, mara nyingi kwa njia ya HMAC na SHA-256, ambazo ni kanuni za hesabu za kuthibitisha ujumbe. Fundi aikokotoe upya kutoka kwenye ujumbe kama ulivyofika, kabla haujachambuliwa wala kupangwa upya, kwa sababu nafasi moja ikiongezeka alama hazitalingana.

Kabla ya kutuma fomu, wekeni ndani yake namba yenu ya kazi, na majibu yakirudi yaoanishwe kwa namba hiyo. Msioanishe kwa jina wala kwa simu: mteja yule yule huandika leo 07, kesho +254, na kwa programu hao ni watu wawili.

Sasa sheria. Marekebisho ya mwaka 2009 ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998 ndiyo yaliyozipa sahihi za kielektroniki nguvu, na Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ya 2020 ikaziingiza pia katika sheria ya mikataba. Hata hivyo, marekebisho hayo ya 2009 yaliacha nje wosia, hati za malipo kama hundi, na hati za umiliki, nayo hati ya shehena ya meli (bill of lading) kwa desturi ya biashara ni hati ya umiliki. Barua ya idhini ipitisheni mtandaoni. Hati asilia ya shehena iacheni kwenye karatasi mpaka wakili wenu na kampuni ya meli wawaambie vingine.

Pakueni PDF iliyotiwa sahihi pamoja na kumbukumbu inayoonyesha nani alifungua, saa ngapi na kutoka wapi, mzihifadhi wenyewe. Karani akiichapa na kuipiga skani, anachobaki nacho ni picha, na uthibitisho uliokuwamo ndani ya faili umepotea. Kwa kuwa fomu zenu hubeba vitambulisho vya watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu: data ikivuja kiasi cha kuwahatarisha wenye data hiyo, mna saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data.

Kesho asubuhi, kabla ya kugusa msimbo, chukueni nakala ya hifadhidata, kisha toeni orodha ya kazi zote zinazosubiri na muiulize huduma hali ya kila moja kwa kitambulisho chake. Zile zilizorudiwa msiiachie programu iziunganishe yenyewe. Akae nazo karani anayewajua wateja, azipitie moja moja, na ankara iliyozidi ifutwe kwa hati ya marekebisho ili hesabu zenu zisipishane na za mteja.